Bustani ya vyura Usambara yahitaji kivuli na maua ya msituni, si dimbwi

Na Mwandishi Wetu

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha katika Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, sauti za vyura husikika usiku kucha, kuanzia kwenye mashamba ya iliki hadi nyuma ya majiko ya nje. Kwa wananchi wengi wanaoishi pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, sauti hizo ni za kawaida kiasi kwamba huzitambua pale tu zinapokoma. Nazo zimekuwa zikikoma katika maeneo ambayo kivuli kimeondolewa, majani makavu yamefagiwa au kuchomwa moto, na ardhi imeachwa wazi kwa jua.

Elimu ya uhifadhi inapowafikia wananchi, wapo wanaouliza wafanye nini ili viumbe hao warejee katika maeneo ya makazi. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kuchimba dimbwi. Huo ni ushauri sahihi kwa nchi za Ulaya, ambako chura wa kawaida hutaga mayai majini na viluwiluwi hukulia humo. Ukiletwa Usambara bila kuchujwa, huzaa matatizo mawili. Kwanza, dimbwi linaloachwa bila uangalizi karibu na nyumba huweza kuwa zalio la mbu, katika wilaya ambayo utafiti wa malaria umefanyika kwa miongo mingi kupitia Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Pili, vyura wengi walio adimu zaidi wa milima hiyo hawana haja ya dimbwi hata kidogo.

Makala haya yanafafanua namna kaya inavyoweza kutenga sehemu ndogo ya bustani kwa ajili ya vyura na jamaa zao, kwa kutumia maua na mimea ya asili ya msitu, bila kuhatarisha afya ya familia na bila kukiuka sheria.

Vyura wasiotaga majini

Usambara Mashariki ni sehemu ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Milima ya Taita nchini Kenya na kuteremka hadi Udzungwa. Milima hii imekuwa na msitu wenye unyevu kwa muda mrefu sana, na kila kundi la milima limetengwa na jingine kwa nyanda kavu. Kwa sababu hiyo viumbe vyake vimebadilika kwa namna ya pekee, na baadhi havipatikani mahali pengine popote duniani.

Mfano mzuri ni vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides. Jike wa kundi hili hatagi mayai. Hubeba watoto tumboni na kuzaa vyura wadogo waliokamilika, jambo ambalo ni nadra mno miongoni mwa vyura wa dunia. Mtaalamu wa wanyama Gustav Tornier wa Berlin aliandika kuhusu uzazi huo mwaka 1905, na chura mmoja wa kundi hilo anayeishi katika misitu ya Amani amepewa jina lake. Usiku hupanda juu ya majani ya vichaka na kuita kutoka hapo. Mchana hujificha chini.

Wapo pia vyura wa jenasi ya Arthroleptis, wadogo na wenye rangi ya majani makavu, ambao hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu au chini ya majani yaliyooza. Mayai hayo hayatoi viluwiluwi, bali hutoa chura mdogo moja kwa moja. Callulina, chura mnene mwenye mwendo wa polepole, hutaga ardhini na mama hukaa karibu na mayai yake. Jenasi nyingine, Hoplophryne, hutumia maji kidogo yanayotuama ndani ya mianzi na kwenye makutano ya majani na shina la migomba pori. Kwa chura huyo, mgomba mmoja wenye maji ya mvua ni bwawa la kutosha.

Chini zaidi, ndani ya udongo wenyewe, huishi amfibia wasio na miguu ambao mkulima mwenye jembe huwadhania kuwa nyungunyungu wakubwa au vinyoka. Hawana sumu ya kumdhuru mkulima wala hawali mazao. Chakula chao ni mchwa, nyungunyungu na wadudu wengine wa udongoni. Jamaa yao wa Milima ya Taita, ambaye huonekana hata katika mashamba, alishangaza wanasayansi mwaka 2006 ilipochapishwa taarifa kwamba watoto wake hula tabaka la nje la ngozi ya mama yao, ambalo hunenepa kwa mafuta katika kipindi cha malezi. Mkulima anayemkata mnyama huyo kwa jembe akidhani ni nyoka hana wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza.

Jambo linalowaunganisha viumbe hawa wote ni ngozi. Ngozi ya amfibia ni nyembamba, hupitisha hewa na maji, na ikikauka mnyama hufa. Chura wa msituni anayevuka uwanja uliofagiwa saa sita mchana yumo hatarini kama samaki aliyetolewa majini. Kwa hiyo anachokihitaji kwanza ni sakafu yenye kivuli na unyevu wa kudumu.

Funzo la Kihansi

Taifa limekwisha kujifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1996 watafiti waligundua katika korongo la Mto Kihansi, Udzungwa, chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi katika eneo la takribani hekta mbili tu, lililokuwa likiloweshwa na rasharasha za maporomoko ya maji. Bwawa la kuzalisha umeme wa megawati 180 lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na rasharasha zikapungua. Ardhi ilibaki pale pale na mimea ikabaki kwa muda, lakini unyevu ukatoweka.

Serikali ilichukua hatua. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa katika bustani za wanyama, na mfumo wa mabomba ya kunyunyiza maji ulijengwa korongoni. Hata hivyo, mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za amfibia ulibainika miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Kizazi kilichokuzwa Marekani kilianza kurejeshwa nchini mwaka 2010, kikapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaachiwa tena korongoni.

Mwananchi wa Muheza hana bwawa la umeme nyumbani kwake, lakini anao uamuzi juu ya unyevu wa eneo lake. Kadhalika, suala la kuvu lina maana ya moja kwa moja kwake: chura asihamishwe kutoka msituni, mtoni au kijiji kingine kwenda bustanini. Kuvu huenda pamoja naye, au pamoja na tope na maji yaliyomo kwenye ndoo. Mahali pakifaa, vyura waliopo jirani hufika wenyewe.

Maua yanayotunza sakafu ya msitu

Ua la Usambara lililopata umaarufu mkubwa kuliko yote ni dughulushi, lile dogo la zambarau lenye majani mazito yenye vinyweleo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani mjini Tanga, alilikusanya na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilipa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa mimea wameliweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Aina za madukani zimetokana na maua haya ya milima yetu, nazo hupamba madirisha ya nyumba katika nchi nyingi, ingawa wapo wakazi wa Tanga wasiojua kwamba asili yake ni kwao.

Porini dughulushi huota juu ya mawe yenye kivuli, kandokando ya vijito, mahali ambapo kuvumwani hufunika jiwe na maji hudondoka polepole. Hayo ndiyo mahali ambapo chura mdogo hujibanza mchana. Majani yake mapana hulala juu ya jiwe na kuacha nafasi finyu yenye ubaridi chini yake. Karibu naye huota maua ya jenasi ya Impatiens, yakiwemo yenye jina la Usambara lenyewe, yenye mashina laini yaliyojaa maji na maua ya waridi au mekundu. Haya hufunika udongo haraka, hustawi kivulini, na hulegea mapema unyevu unapopungua, hivyo humwarifu mwenye bustani kwamba ardhi imeanza kukauka kabla vyura hawajaathirika.

Mimea mingine inayofaa ni makangaga ya aina mbalimbali na masale, ambayo wakazi wengi wa milimani tayari wameyapanda kama alama za mipaka. Masale na migomba hushika maji ya mvua kwenye makutano ya majani, huku makangaga yakiweka kivuli chini kabisa, mahali ambapo miti mikubwa haifiki.

Hapa sheria ni lazima izingatiwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuchukua mazao ya misitu, mimea hai ikiwa ni mojawapo, kutoka hifadhini bila kibali. Dughulushi za porini zimepungua, na baadhi ya makundi yake yamebaki kwenye miamba michache tu. Kung'oa miche kumi kwa nia njema ya kuhifadhi vyura ni kuharibu makazi ya vyura wale wale. Mwananchi anayehitaji mimea ya asili aanze na ile iliyokwisha kuota katika ardhi yake au ya jirani aliyemridhia, na kwa mingine apate maelekezo ya ofisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) iliyo karibu.

Kuzalisha miche si kazi ngumu. Jani moja la dughulushi lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga wenye mboji na kuwekwa kivulini, huota mizizi na baadaye vichipukizi kadhaa. Impatiens huota kwa kipande cha shina, na mbegu zake zilizokomaa huruka zenyewe tunda linapoguswa. Jani moja kutoka kwa jirani, kwa hiyo, laweza kuwa kitalu baada ya miezi michache. Dughulushi chotara za madukani zisipandwe karibu na msitu zinakoota za porini, kwa kuwa huweza kuchanganya uzao.

Namna ya kuandaa eneo

Eneo la mita mbili kwa tatu linatosha kuanzia. Lichaguliwe upande ambao jua la mchana haulifikii, chini ya mti uliopo au nyuma ya migomba, na liwe umbali wa hatua kumi au zaidi kutoka mlangoni. Umbali huo una sababu. Wapo nyoka wanaokula vyura, na mwananchi anayeambiwa vinginevyo hatamwamini mtoa elimu siku atakapomwona mmoja. Sehemu yenye mawe na majani mengi haifai kugusana na ukuta wa chumba cha kulala wala njia wanayopita watoto usiku.

Udongo usilimwe kwa kina. Ulegezwe kidogo juu, kisha yapangwe mawe machache makubwa yakiwa yamezama nusu, yakiachiana nafasi ya vidole viwili hadi vinne. Magogo yaliyoanza kuoza ni bora kuliko mapya, na yakishawekwa yasigeuzwegeuzwe, kwa kuwa chini yake ndiko mayai huwekwa. Dughulushi zipandwe kwenye nyufa za mawe, Impatiens na makangaga mbele yake, masale upande unaopigwa na upepo.

Kisha hufuata kazi ambayo kwa wengi ni ngumu kuliko zote, nayo ni kuacha kufagia. Uwanja uliofagiwa ni alama ya nyumba yenye heshima, na hakuna anayemtaka mama mwenye nyumba aache desturi hiyo. Kinachohitajika ni kwamba majani anayoyafagia asubuhi yasichomwe moto, bali yapelekwe kwenye eneo la vyura yakawe matandazo yenye kina cha sentimita kumi hivi. Uwanja hubaki safi na sakafu ya bustani hupata chakula chake. Ndani ya matandazo huzaliana jongoo wadogo, mchwa na wadudu wengine ambao ndio mlo wa vyura, na unyevu hudumu siku nyingi baada ya mvua.

Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, hivyo umwagiliaji hauhitajiki isipokuwa katika miezi mikavu, hasa Januari na Februari. Kipimo rahisi ni kuchukua udongo uliopo chini ya matandazo na kuufumbata. Ukishikana bila kutoa maji, unyevu unatosha. Ukimeguka kama unga, eneo linyunyiziwe maji masafi jioni. Maji ya kufulia yenye sabuni yasimwagwe hapo, na majivu ya jikoni, ingawa ni mazuri kwa baadhi ya mazao, huchoma ngozi ya amfibia na yapelekwe kwingine.

Viuatilifu ni suala zito zaidi. Ngozi inayopitisha maji hupitisha pia sumu iliyoyeyuka ndani yake. Mkulima anayepulizia mazao jirani na eneo hili aache ukanda usiopuliziwa, asisafishe bomba la kupulizia kwenye kijito, na atumie viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Ndani ya eneo la vyura lenyewe pasipuliziwe kitu chochote. Wadudu wakizidi, waachiwe vyura.

Kuhusu maji yaliyotuama

Si kila chura wa Usambara anaweza kuishi bila maji ya wazi. Vyura wa matete na baadhi ya vyura wa miti huhitaji kijito au bwawa kwa ajili ya viluwiluwi vyao. Kwa hao, mahali pa kuwasaidia ni kingo za vijito vilivyopo, na hapo sheria imekwisha kuweka msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ukanda huo ukiachwa na uoto wake wa asili, dughulushi na Impatiens huendelea kuota humo bila kupandwa na mtu. Maji ya Mto Sigi, unaoanzia katika milima hii, ndiyo yanayotegemewa na wakazi wa Jiji la Tanga kupitia Bwawa la Mabayani, kwa hiyo ukingo unaotunzwa kwa ajili ya chura hupunguza pia tope linaloingia bwawani humo.

Kaya yenye bwawa la samaki inaweza kuacha uoto kwenye upande mmoja wa bwawa, ikifahamu kwamba samaki wengi hula viluwiluwi. Kaya isiyo na bwawa haina sababu ya kuchimba dimbwi kwa ajili ya vyura. Mbu huhitaji takribani siku saba hadi kumi na nne katika maji ya joto kukua kutoka yai hadi mbu kamili, na kopo lililosahauliwa nyuma ya nyumba humtosha. Makopo, vifuu na matairi yaondolewe katika eneo la bustani kama kwingineko, na chandarua kiendelee kutumika kila usiku bila kujali ni vyura wangapi wanaosikika nje. Chura hula mbu, lakini hali wengi kiasi cha kuikinga familia dhidi ya malaria.

Eneo jipya huweza kuchukua msimu mmoja wa mvua au zaidi kabla ya kupata wakazi, na wa kwanza kufika huwa ni vyura wa kawaida wanaovumilia maeneo ya makazi. Wale adimu wa msituni hufika pale tu ambapo kivuli kimeunganika kutoka msituni hadi nyumbani, kwa mfano kupitia mashamba mseto ya iliki, mdalasini na pilipili manga ambayo bado yana miti mikubwa. Mwenye bustani aliye mbali na msitu asitarajie kumpata chura wa Tornier; aliyepakana na hifadhi anaweza kumsikia kwenye majani saa mbili usiku, mvua ikiwa imekatika. Watoto waruhusiwe kutazama kwa tochi bila kuwashika, kwa kuwa baadhi ya vyura hutoa majimaji yanayowasha macho, na anayewashika kwa bahati mbaya anawe mikono.

Mwananchi atakayekuta vyura kadhaa wamekufa mahali pamoja bila sababu inayoonekana asiwaguse kwa mikono mitupu wala kuwatupa mtoni. Atoe taarifa kwa ofisa mazingira wa kijiji au kata, au ofisi ya TFS iliyo karibu, akieleza mahali, siku na idadi aliyoiona.